Kusanya Tukio Zima: Mwongozo wa Stempu za Kumbukumbu na Vitu vya Maonesho ya Stempu

Wengi wanaoanza kukusanya stempu huanza kwa kurundika. Hii ya twiga, hii ya malkia, hii imetoka Japani, zote zinatupiwa ndani ya bahasha moja ya kaki. Mwaka ukipita rundo limekua na mwenyewe amechoka, maana rundo halimuulizi chochote wala halimjibu chochote. Mwongozo huu unafuata njia nyingine. Unachagua tukio moja lililotolewa stempu, kisha unatafuta kila karatasi iliyochapwa, kugongwa mhuri au kusafirishwa na posta kwa sababu ya tukio hilo. Stempu inabaki kuwa kiini, lakini inakuwa na ndugu zake: bahasha, mihuri, tiketi, katalogi, vibandiko. Mkusanyo wa namna hii unaweza kuujenga kwa fedha kidogo ukashinda albamu nene ya mtu mwenye uwezo.

Hatua ya 1: Chagua tukio

Posta hutoa stempu za aina mbili kubwa. Za kawaida huchapwa tena na tena kwa miaka kadhaa kwa matumizi ya kila siku. Za kumbukumbu hutolewa kwa ajili ya jambo fulani, zikauzwa kwa muda, basi. Mpaka huo hauko wazi kila mara. Seti ya uhuru wa Tanganyika ya tarehe 9 Desemba 1961 ilikuwa na stempu 12, kuanzia senti 5 hadi shilingi 20, mojawapo ikiwa na mwenge juu ya Kilimanjaro. Ilitolewa kusherehekea uhuru, lakini ikaendelea kubandikwa kwenye barua za kila siku hadi seti mpya ya Tanzania ilipotoka Desemba 1965. Kwa hiyo utaikuta kwenye bahasha ya siku ya kwanza iliyopambwa (iliyogongwa mhuri siku ileile stempu ilipotolewa), na utaikuta pia kwenye bahasha chakavu ya mwenye duka aliyeagiza bidhaa mwaka 1963. Mimi hiyo ya pili ndiyo naipenda zaidi.

Mfano ambao nitaurudia katika mwongozo huu ni Zanzibar ya 1963 na 1964, kwa sababu ndani ya miezi michache stempu zake zinasimulia mambo mazito. Desemba 1963 zilitolewa stempu za uhuru. Tarehe 12 Januari 1964 yakatokea Mapinduzi, na posta ikajikuta na shehena ya stempu za utawala uliokwisha kuondoka, zikiwemo za seti ya 1961 zenye sura ya Sultani Abdulla bin Khalifa. Haikuwezekana kusubiri stempu mpya, barua zilikuwa zinaendelea kuandikwa. Zikagongwa muhuri wa mkono wenye maneno JAMHURI 1964 juu ya zile zilizokuwepo. Baadaye zikaja nyingine ambazo maneno hayo yalichapwa kwa mashine Uingereza. Kisha katikati ya mwaka zikatoka stempu mpya kabisa za jamhuri. Hapo una ngazi nne za tukio moja, na kila ngazi ina bahasha zake.

Tukio la jirani yake ni Muungano. Ulifanyika tarehe 26 Aprili 1964, lakini jina la Tanzania lilipitishwa tarehe 29 Oktoba. Stempu zilizotolewa Julai mwaka huo zina jina refu la Jamhuri ya Muungano wa Tanganyika na Zanzibar kwa Kiingereza, jina ambalo halikudumu zaidi ya msimu wa mvua na kiangazi chake.

Kama huna fedha nyingi, anza na stempu za pamoja za Kenya, Uganda na Tanzania za kati ya 1965 na 1976. Zipo nyingi, picha zake zimechorwa kwa uangalifu, na zina jambo la kuchunguza: mpangilio wa majina ya nchi tatu hubadilika kutoka stempu moja hadi nyingine, ili asiwepo anayetangulia daima. Huo ulikuwa uungwana wa kisiasa ulioandikwa kwenye kipande cha karatasi, na unaweza kuupanga wote kwenye ukurasa mmoja.

Seti nyingi za mwishoni mwa miaka ya 1980 na za 1990 zenye dainosaria, treni za Ulaya na waigizaji wa filamu zilichapwa kwa kulenga wakusanyaji wa nje. Ni halali, watoto wanazipenda. Lakini kabla hujaamua kuzifuata, jiulize kama utapata barua iliyosafiri kweli ikiwa imebandikwa stempu hizo. Mara nyingi hutaipata.

Hatua ya 2: Vifaa vichache

Unahitaji kibano cha stempu chenye ncha bapa na laini (cha nyusi kina meno, kinachana), kioo cha kukuzia, kipimo cha meno ya stempu (yale ya ukingoni yanayobaki matundu yakichanwa), albamu ya mifuko ya kuchomeka, na daftari. Daftari ndilo wengi hulidharau. Kila kitu kinachoingia andika umekipata wapi, lini na kwa bei gani.

Hatua ya 3: Tafuta bahasha kabla ya stempu

Hazina kubwa ya karatasi za Afrika Mashariki haiko madukani. Iko kwenye masanduku ya bati chini ya vitanda, kwenye makabati ya mawakili wa zamani, misheni, vyama vya ushirika, na kwa familia zilizokuwa na ndugu Muscat, Bombay, London au Karachi. Mzee akifariki, vitu vya kwanza kuchomwa ni karatasi. Ukiwahi kabla ya kiberiti, umeokoa.

Namna ya kuomba ni muhimu. Barua ni siri za watu. Nenda na mtu anayefahamika nyumbani hapo, salimia, kaa, na useme waziwazi: “Shikamoo bibi. Ninakusanya stempu na bahasha za zamani. Kama zipo, naomba nione bahasha tu, barua zenyewe zibaki kwako.” Ukikubaliwa, usianze kuchambua kwa haraka kama mnunuzi wa chuma chakavu. Ukiona kitu chenye thamani, mwambie mwenyewe. Mkusanyaji anayempunja bibi kizee atafungiwa milango ya mtaa mzima, na anastahili.

Kwa stempu mpya, Shirika la Posta Tanzania na Posta Kenya zote huuza stempu za kumbukumbu na bahasha za siku ya kwanza kwa wakusanyaji. Ulizia katika posta kuu ya mji wako. Tarehe 9 Oktoba, Siku ya Posta Duniani, ni siku nzuri ya kupita, kwani posta nyingi hufanya shughuli za pekee. Minadani mtandaoni vitu vya Zanzibar na vya Afrika Mashariki hupatikana zaidi kwa wauzaji wa Uingereza. Soma maelezo mara mbili, omba picha ya nyuma ya bahasha, na uhesabu gharama ya usafirishaji kabla ya kubonyeza.

Hatua ya 4: Usiloweke kabla hujaangalia

Kosa linaloharibu vitu vingi kuliko mchwa ni kukata stempu kwenye bahasha. Stempu ya senti 30 ikiwa peke yake ni stempu ya senti 30. Ikiwa juu ya bahasha inakwambia imetoka posta ipi, siku gani, inakwenda kwa nani, kwa njia ya ndege au meli, na kwamba nauli ya barua kwenda huko ilikuwa kiasi hicho. Ukiikata umeua ushahidi wote huo. Kwa hiyo bahasha ibaki nzima ikiwa ni ya zamani, ikiwa mhuri unasomeka, ikiwa imeandikishwa kwa rejesta, ikiwa imerudishwa kwa mtumaji, au ikiwa imetoka posta ndogo ya mashambani. Mihuri ya posta ndogo hutafutwa sana.

Zinazobaki, yaani stempu za kawaida kwenye bahasha zilizochanika, ndizo za kuloweka. Kata karatasi ukiacha ukingo wa sentimita moja kuzunguka stempu. Tenga zilizo kwenye karatasi ya rangi na zilizoandikwa kwa wino wa zambarau, maana rangi itavuja na kuzichafua nyingine. Weka maji ya uvuguvugu kwenye sinia pana, tandaza stempu uso juu, subiri. Baada ya dakika kumi na tano hivi utaona stempu inaanza kuteleza yenyewe juu ya karatasi. Usiivute. Ikigoma, iache. Ikitoka, ipitishe kwenye maji safi, na upitishe kidole polepole upande wa nyuma: ukihisi utelezi, gundi bado ipo, na stempu hiyo ikikauka itanata kwenye chochote itakachogusa. Zikishasafika zilaze uso chini juu ya karatasi nyeupe isiyochapwa (gazeti litaacha wino), zikikaribia kukauka zifunike na uweke vitabu vizito usiku kucha.

Stempu za kisasa zinazojibandika zenyewe bila kulambwa nyingi hazitoki kwa maji. Ziache na karatasi yake.

Hatua ya 5: Isome stempu kama hati

Anza na meno. Kipimo cha meno huhesabu matundu yaliyomo ndani ya sentimita 2, na tofauti ndogo hubadilisha kila kitu. Stempu za Kenya, Uganda na Tanganyika za wakati wa Mfalme George VI, zilizoanza 1938, zilichapwa kwa miaka mingi na kutobolewa kwa vipimo tofauti. Stempu mbili zinazofanana picha, rangi na bei zinaweza kuwa za machapisho mawili, moja imejaa kila albamu na nyingine adimu. Bila kipimo huwezi kujua. Halafu inua stempu kwenye mwanga utafute alama ya maji, yaani mchoro hafifu uliotiwa ndani ya karatasi ilipotengenezwa.

Kisha mhuri. Kwenye bahasha, mhuri ndio shahidi mkuu, kwa hiyo soma jina la posta na tarehe hata kama itabidi utumie kioo na taa ya simu kwa upande. Turudi Zanzibar. Umeletewa stempu ya 1961 yenye maneno JAMHURI 1964 na mhuri wa posta juu yake. Hatua ya kwanza ni tarehe: ikiwa ni kabla ya 12 Januari 1964, mazungumzo yameisha. Ya pili ni kuangalia wino upi umelala juu ya mwingine. Maneno yaligongwa kabla stempu haijauzwa, mhuri wa posta ukaja baadaye barua ilipopokewa. Hivyo wino wa mhuri wa posta unapaswa kuwa juu. Ukiona wino wa JAMHURI ndio umepita juu ya mhuri wa posta, mtu ameichukua stempu ya kawaida iliyokwisha kutumika na kuigonga nyumbani. Ya tatu ni sura ya maandishi: ya mkono huinama, hukaa mshazari, wino hujaa upande mmoja na kupauka upande mwingine. Ya mashine yamenyooka na kufanana. Kwa kuwa muhuri wa mpira ni rahisi kuchongwa, za kughushi zipo, na kwa stempu ghali ambayo haijatumika usinunue bila cheti cha wataalamu. Royal Philatelic Society London, chama kilichoanzishwa 1869, kina kamati inayotoa vyeti vya namna hiyo kwa malipo. East Africa Study Circle, ya Uingereza pia, ni mahali pazuri pa kukutana na watu wanaoijua posta ya sehemu zetu kwa undani.

Tahadhari nyingine ni stempu za zamani za Kenya na Uganda zenye bei ya pauni. Nyingi hazikulipia barua, zililipia ushuru wa hati na kufutwa kwa kalamu au mhuri wa serikali. Wajanja huosha wino huo na kugonga mhuri bandia wa posta. Iangalie nyuma kwa mwanga: karatasi iliyooshwa huwa na manyoya, rangi imefifia, na mara nyingine mkwaruzo wa kalamu bado unaonekana.

Kwa stempu mpya hatari ni tofauti. Zipo zinazochapwa na watu binafsi kwa jina la nchi za Afrika, bila posta husika kujua. Umoja wa Posta Duniani una mfumo wa namba uitwao WNS ulioanza 2002, ambapo posta zinazoshiriki husajili stempu zao halali. Tafuta humo kabla ya kulipa. Si kila posta husajili kila stempu, kwa hiyo kukosekana peke yake hakutoshi kuwa hukumu, lakini seti ya Tanzania yenye wachezaji wa mpira wa Ulaya isiyoonekana humo wala kwenye katalogi yoyote (kitabu cha orodha na bei za stempu) iache.

Katalogi zinazotumika zaidi ni Stanley Gibbons, Scott na Michel. Bei zake ni za stempu isiyo na dosari dukani. Anayekuuzia stempu yenye jino lililokatika kwa bei ya katalogi anakuibia.

Hatua ya 6: Vitu vya maonesho ya stempu

Maonesho makubwa ya stempu huacha nyuma karatasi nyingi ambazo watu hutupa mlangoni wakitoka, na hapo ndipo mkusanyaji makini hujipatia sehemu yake. Stamp World London 90, yaliyofanyika Alexandra Palace Mei 1990 kuadhimisha miaka 150 ya stempu ya kwanza duniani, yalifuatwa na stempu na shiti ndogo (karatasi ndogo yenye stempu moja au chache na ukingo uliopambwa) kutoka nchi nyingi. Afrika nayo imeandaa: ILSAPEX ilifanyika Johannesburg Oktoba 1998, na Cape Town ikawa mwenyeji wa maonesho ya kimataifa Novemba 2022.

Vitu vya kutafuta ni hivi: stempu na shiti ndogo zenye nembo ya maonesho pembeni, stempu za zamani zilizochapwa maneno ya maonesho juu yake, bahasha zenye mhuri maalumu wa ukumbini, katalogi ya washiriki, tiketi, beji, bango, mwaliko, na medali. Vipo pia vibandiko vinavyofanana na stempu lakini havina bei wala uwezo wa kulipia barua. Vikusanye, ni sehemu ya tukio, ila usiviite stempu wala usilipie bei ya stempu.

Katika vyote hivyo, mhuri maalumu ndio wenye uzito. Mara nyingi hutumika siku za maonesho tu, ukumbini tu, na kila siku inaweza kuwa na mhuri wake. Kama huwezi kusafiri, iandikie posta ya nchi mwenyeji mapema, uulize kama inapokea maombi kwa barua. Inapokubali, utatuma bahasha zilizoandikwa anwani yako pamoja na malipo ya stempu, na ombi la kugongwa kwa mkono. Tumia karatasi ngumu ndani ya bahasha ili mhuri ukae vizuri. Bahasha iliyogongwa ukumbini kisha ikasafiri peke yake bila kifuniko hadi sanduku lako la posta ni bora kuliko ile iliyogongwa na kutiwa mfukoni, hata kama imefika na kona iliyopinda.

Ukihudhuria mwenyewe, tenga siku nzima kwa ajili ya fremu, yale mabango yenye kurasa za mikusanyo inayoshindanishwa. Wageni hukimbilia meza za wauzaji. Simama mbele ya mkusanyo uliopata dhahabu, soma maelezo ya ukurasa wa kwanza, angalia mwenyewe alivyopanga.

Hatua ya 7: Zilinde na hewa ya pwani

Mtu wa Nairobi au Iringa anaweza kuruka aya mbili. Wa Dar es Salaam, Tanga, Mombasa na Unguja azisome mara mbili. Unyevu ndio adui. Wakati wa masika gundi ya stempu mpya hulainika, na stempu zikishikana au kunata kwenye ukurasa umezipoteza kama stempu zisizotumika. Unyevu huohuo huleta madoa ya kahawia kama kutu kwenye meno, na madoa hayo hutambaa kutoka stempu moja kwenda jirani yake. Iliyoanza madoa itenge siku hiyohiyo.

Simamisha albamu wima, usizilaze moja juu ya nyingine, maana uzito hubana gundi. Zisiwe kwenye ukuta wa nje wala sakafuni. Kwenye sanduku la plastiki lenye mfuniko wa kubana weka vifuko vya silika (chembe zinazonyonya unyevu) vinavyopatikana ndani ya maboksi ya viatu na vyombo vya umeme, na uvikaushe mara kwa mara. Siku kavu, kiangazi, fungua albamu zipate hewa, mbali na jua.

Epuka mafaili ya plastiki laini yenye harufu kali, yanavuta wino. Tafuta mifuko ya polyester. Selotepu isikaribie. Na tafadhali usilaminishe bahasha. Nimeona bahasha za thamani zilizopelekwa duka la fotokopi zikarudi zimeungana na plastiki milele, na aliyefanya hivyo alidhani anazitunza.

Hatua ya 8: Andika, kisha onesha

Mkusanyo usio na maandishi utaeleweka na wewe tu. Tumia karatasi nene za A4, weka kitu kimoja hadi vitano kwa ukurasa, na chini yake maelezo mafupi: ni nini, ya lini, mhuri wa wapi, nauli ya nini, na kwa nini kipo hapo. Jibu la swali la mwisho likikushinda, kitoe kwenye ukurasa.

Fremu ya maonesho kwa kawaida hubeba kurasa 16, nne kwa nne. Katika maonesho ya dunia yanayosimamiwa na FIP, shirikisho la kimataifa la wakusanyaji stempu lililoanzishwa 1926, kundi la filateli ya jadi (mikusanyo inayochunguza stempu zenyewe) hutolewa alama 100 hivi: 30 kwa jinsi ulivyoijenga hadithi na umuhimu wake, 35 kwa elimu na utafiti wako, 30 kwa hali ya vitu na uadimu, na 5 kwa mwonekano. Alama 60 ni medali ya shaba, 70 fedha, 90 dhahabu, 95 dhahabu kubwa. Tazama mgawanyo huo vizuri. Pesa zinaweza kukununulia uadimu, lakini haziwezi kukununulia zile 35 za utafiti, na mtu wa Zanzibar anayeweza kuzungumza na karani mstaafu wa posta kwa lugha yake ana cha kuandika ambacho mkusanyaji wa mbali hana.

Anza na fremu moja. Kwa mfano wetu, ukurasa wa 1 uwe maelezo na ramani ya posta za Unguja na Pemba, wa 2 hadi wa 4 uhuru wa Desemba 1963, wa 5 hadi wa 10 muhuri wa mkono kwa mielekeo yake yote, wa 11 hadi wa 13 chapa ya mashine, na tatu za mwisho stempu mpya za jamhuri zikiwa kwenye barua zilizosafiri. Kurasa zitakazobaki tupu zitakwambia utafute nini.